Barua ya wazi kwa wanaoongoza makanisa ya Tanga: someni hesabu mbele yetu

Kwa Baba Askofu, mapadre, wachungaji, wainjilisti, mitume na manabii, wazee wa kanisa, wenyeviti wa kamati na wahazini wa makanisa ya Tanga mjini, Muheza, Mkinga, Pangani na Korogwe.

Shikamooni wazee wangu. Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana Yesu asifiwe. Nimetoa salamu zote mbili makusudi, maana ninayotaka kuyasema hayahusu dhehebu moja. Nimeabudu na Walutheri na Waanglikana, nimesindikiza ndugu kwa Wakatoliki, nimeitwa na majirani kwenye makanisa mapya yanayosali ndani ya mahema na kwenye kumbi za kukodi, na kote huko nimekuta jambo moja.

Mimi ni mama wa hapa Ngamiani, mwalimu wa Shule ya Jumapili, na niliwahi kukaa kwenye kamati ya fedha ya usharika. Kanisa ndilo lililonilea na kunisomesha, na ndimo nitakamoagwa siku yangu ikifika. Kwa hiyo someni maneno haya kama ya mtoto wa nyumbani.

Siku hizi mahubiri yenu mengi ni juu ya utamaduni unaobadilika. Tumesikia habari za nywele za vijana wa kiume, suruali za wasichana, midundo ya singeli iliyoingia kwenye sifa, na simu zinazochezewa wakati wa Neno. Mnatuambia dunia inabadilika lakini Neno la Mungu halibadiliki. Amina. Nalikubali kwa moyo wote, na ndiyo sababu naandika. Kama Neno halibadiliki, basi na yale ambayo Neno linamdai kiongozi hayajabadilika, na hayo ndiyo tusiyoyasikia. Tunahubiriwa wajibu wa kondoo kila wiki. Ya mchungaji yamenyamaziwa.

Nayo yameandikwa, tena kwa urefu. Yethro alipomkuta Musa ameketi akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, alimshauri achague wasaidizi wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Hakutaja ufasaha wa kunena wala sauti nzuri. Kumbukumbu la Torati sura ya 17 inamkataza mfalme kujiongezea farasi, wake, fedha na dhahabu. Inamwamuru ajiandikie nakala yake mwenyewe ya torati, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuliwe juu ya ndugu zake. Juu ya ndugu zake, jamani. Mfalme anaitwa ndugu wa watu anaowatawala. Hapo zamani za farasi na magari ya vita, na leo zama za simu na mtandao, amri ni ile ile.

Tena Tanga haikuanza kubadilika jana. Wajerumani walianza kujenga reli yao ya kwanza ya nchi hii hapa kwetu mwaka 1893. Mashamba ya mkonge yakaita watu kutoka Songea, Umakonde, Unyakyusa, hadi Burundi. Manamba hao ndio mababu wa nusu ya kwaya zetu, na ndiyo maana majina yaliyomo kwenye vitabu vya ubatizo vya Tanga ni ya makabila ya nchi nzima. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikatawala soko, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na watu waliozoea mshahara wa mwezi wakarudi kwenye jembe. Sasa bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, linaishia Chongoleani, nalo limekuja na wageni wake, fedha zake na tamaa zake. Katika yote hayo kanisa lilikuwapo. Lilipokea lugha mpya, vyombo vipya vya muziki, mavazi mapya, na halikufa. Wazee waliotutangulia walipigana juu ya ngoma kuingia kanisani, na leo ngoma zipo na Mungu anasifiwa.

Utamaduni unaonitia hofu mimi si wa nywele za kijana. Ni ule uliopanda madhabahuni bila kubisha hodi, ule wa umaarufu. Mtumishi sasa anapimwa kwa wafuasi wa mtandaoni, kwa gari, kwa idadi ya walinzi wanaomfungulia njia. Mabango ya mikutano barabarani yana picha ya mhubiri kuanzia juu hadi chini, na jina la Yesu limewekwa pembeni kwa maandishi madogo. Kijana wetu ambaye wiki nzima anaweka mikeka ya kubeti, akitafuta elfu moja yake izae laki, akifika kanisani anakuta lugha ile ile: panda mbegu ya elfu kumi uvune milioni. Tutamwambia aache nini, na tunamwita aje wapi?

Niseme sasa habari ya fedha, kwa sababu hapo ndipo penye kidonda.

Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli wote, akasema: "Mimi hapa, mnishuhudie." Akauliza ametwaa ng'ombe wa nani, au punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa mkononi mwa nani, naye yuko tayari kurudisha. Tusisahau kwamba wanawe, Yoeli na Abiya, waliokuwa waamuzi huko Beer-sheba, walikuwa wamekwisha kupokea rushwa na kupotosha hukumu, na watu walikuwa wamemweleza hivyo usoni. Mzee yule angeweza kujificha nyuma ya heshima yake. Alikuwa nabii tangu utotoni, Mungu alimwita kwa jina usiku hekaluni. Lakini hakusema "Mungu ndiye anijuaye" akaketi. Aliita mashahidi.

Na Paulo? Alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alitembea na ndugu waliochaguliwa na makanisa, akawaandikia Wakorintho sababu yake: mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, wakitangulia kufikiri yaliyo mema, "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu." Mtu aliyetokewa na Kristo katika njia ya Dameski aliona haja ya kuwa na mashahidi wa fedha. Ni nani kati yenu aliye juu ya haja hiyo?

Zamani sadaka ilimwagwa mezani baada ya ibada. Watu watatu au wanne walihesabu noti na sarafu, wakaandika kwenye daftari, kila mmoja akatia sahihi. Leo simu imekuja, nayo ni baraka. Mtoto wetu aliyeko Dar es Salaam au Muscat anatoa zaka yake bila kusafiri. Lakini sikilizeni namba zinazosomwa kwenye ibada za mubashara. Nyingi ni namba za mtu. Ukituma, jina linalotokea ni la mchungaji, au la mama mchungaji, au la kijana wao. Fedha ile haipiti mezani, haihesabiwi na mtu wa pili, haiingii kwenye daftari lolote ambalo mjane aliyeitoa ataliona. Simwiti mtu yeyote mwizi. Nasema tumejenga utaratibu ambamo mwaminifu na mwizi hawawezi kutofautishwa, na huo ni ukatili hata kwa yule mwaminifu, kwa kuwa siku akisingiziwa hana karatasi ya kumtetea.

Na hata pale penye kamati na vitabu, mambo hayajakaa sawa. Mkutano mkuu wa mwaka unafika, watu wamechoka kwa ibada ndefu, hesabu zinasomwa mbiombio kwa jumla tu: mapato kiasi kadhaa, matumizi kiasi kadhaa, bakaa kiasi kadhaa, tupige makofi. Kuna mstari mmoja unaoitwa "matumizi mengineyo" ambao mara nyingine ni mkubwa kuliko fungu la misaada ya wahitaji. Mtu akinyoosha mkono kuuliza mengineyo ni yapi, anaambiwa ana roho ya uasi, anakumbushwa Kora na wenzake waliomezwa na nchi. Serikali kupitia kwa Msajili wa Jumuiya inadai taarifa za fedha za kila mwaka, na hiyo mnaiandaa. Mama anayeuza vitumbua alfajiri ili apate sadaka ya Jumapili anastahili taarifa ile ile.

Najua jibu linalotolewa, kwa sababu nimelisikia kwenye vikao: tukisoma hesabu hadharani tutawapa watu wa nje maneno ya kutusema. Wazee wangu, maneno wanayo tayari. Tanga ni mji wa Waislamu na Wakristo waliochanganyika nyumba kwa nyumba. Tunakodishana vyumba, tunakopeshana sukari, tunazikana. Mwenye duka anajua mchungaji gani analipa deni na yupi anapita njia ya nyuma. Fundi anajua kanisa gani limemlipa na lipi lilimwambia kazi ile aihesabu kuwa sadaka. Paulo alilijua hilo alipomwandikia Timotheo kwamba askofu imempasa kushuhudiwa mema na watu walio nje, asije akaanguka katika lawama. Ushahidi wa walio nje umewekwa ndani ya sifa za uongozi wa kanisa. Kwetu Tanga maana yake ni kwamba sheikh wa msikiti ulio jirani, na mzee anayecheza bao kibarazani, wana neno la kusema juu ya kufaa kwenu.

Hapo nawaeleza tukio lililonifanya nishike kalamu. Sitataja kanisa, na waliohusika watajijua.

Alikufa mama mmoja aliyekuwa muumini mwenzetu kwa miaka mingi. Alipoanza kuugua miguu aliacha biashara yake ndogo, na kadi yake ya ahadi ikabaki bila mhuri. Watoto walipokwenda ofisini kuomba ibada ya mazishi, kadi ilitolewa, ikaangaliwa, wakaambiwa kuna deni, na pia mama alikuwa hahudhurii jumuiya. Hahudhurii! Mtu asiyeweza kushuka kitandani. Mwili ukabaki mochwari huku watoto wakizunguka kutafuta fedha za kulipa deni la marehemu kwa Mungu. Majirani walipopata habari, wakachanga. Walikuwa Waislamu karibu wote. Kanga ilitandazwa barazani, kila apitaye anaweka alichonacho, na fedha ile ndiyo iliyopelekwa ofisini ili mama yetu azikwe Kikristo. Risiti ilitolewa.

Nimeitafakari risiti ile sana. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, ugomvi wa kwanza wa kiutawala ndani ya kanisa ulikuwa juu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwauliza wale wajane kama wametimiza ahadi zao. Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, kazi ikakabidhiwa. Waliochaguliwa, ukiyatazama majina yao, yote ni ya Kiyunani, yaani wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Kanisa lilikabidhi meza kwa waliokuwa na njaa. Na Neno la Mungu likaenea, Luka anaandika, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Mafanikio mnayoyatafuta kwa matangazo yalikuja baada ya wajane kulishwa.

Kadi na bahasha zina kazi yake, sikatai. Kanisa lina umeme wa kulipia na paa la kutengeneza. Lakini kitabu cha ahadi hakikuandikwa kiwe mlango wa makaburini. Kama kuna desturi ya kubadilishwa kesho asubuhi, bila kusubiri kikao cha sinodi wala barua kutoka makao makuu, ni hii.

Twende kwenye ujira. Kuna wainjilisti na makatekista huko vijijini wanaohudumia mitaa mitatu kwa baiskeli moja, wanaozika, wanaofundisha watoto, wanaokesha na wagonjwa, na posho yao inakaa miezi bila kufika. Mlinzi wa kanisa analala getini na familia yake haijui itakula nini. Wakati huo huo kamati ya maandalizi ya sherehe ya kiongozi inakaa kwenye hoteli ya Raskazone. Torati inasema juu ya kibarua: mpe ujira wake kwa siku yake, jua lisichwe juu yake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumainia. Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Watu wa Tanga, ambao babu zao walihesabiwa kazi zao kwenye kipande, ile kadi ya kazi ya shamba la mkonge, hawahitaji kufafanuliwa aya hiyo.

Kwenye ardhi hii hii alipita kiongozi aliyeielewa. Frank Weston alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu 1908, na eneo lake lilivuka bahari hadi Magila na Korogwe. Alikuwa Mwingereza, mtu wa zama za ukoloni, na sisemi alikuwa malaika. Lakini katika Vita Vikuu vya kwanza, wapagazi Waafrika walipokuwa wakifa njiani kwa njaa na maradhi chini ya mizigo ya majeshi, alikubali kuongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akatembea nao bara. Vita ilipokwisha, na serikali ya nchi yake mwenyewe ikaanza kuwashurutisha Waafrika wa Afrika Mashariki kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, aliwaandikia wakubwa wa London mwaka 1920 kuwapinga waziwazi. Na mwaka 1923, akihutubia mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, aliwaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu madhabahuni kama hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Mwaka uliofuata alifariki Hegongo, hapo Muheza. Alipendwa kwa kuwa alijiweka upande wa aliyebebeshwa mzigo, hata pale mbebeshaji alipokuwa wa taifa lake.

Na juu ya Usambara, Magamba, kulianzishwa chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa wa Kilutheri, na kazi yake ya kwanza kilipoanza ilikuwa kuandaa walimu wa watoto wenye ulemavu. Jina la askofu linaishi kwa watoto ambao wengi waliwaficha ndani. Nataka wasaidizi wenu waliokwisha kuanza kuchagua mahali pa kuweka jiwe la msingi lenye majina yenu wapande Lushoto wakalitazame jambo hilo.

Lipo jingine ambalo ni gumu zaidi kulisema. Mmejizungushia aya ya Zaburi 105, "Msiwaguse masihi wangu," hadi imekuwa ukuta. Kila swali ni kumgusa masihi. Lakini Daudi alikuwa masihi kweli, aliyetiwa mafuta na Samweli, na Nathani alimwendea akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi hakumfukuza. Petro alikuwa mtume, na Paulo alishindana naye uso kwa uso huko Antiokia, mbele ya wote, kwa sababu Petro alijitenga na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wengine. Kanisa halikupasuka. Barua ya Paulo kwa Wagalatia inayosimulia hayo imo ndani ya Biblia, tunaisoma kwa sauti.

Matunda ya viongozi wasioulizwa tumeyaona karibu. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani, walipokuwa wakikimbilia kupita kwenye mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kwenye pwani hii hii yetu ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Kulikuwa na watoto wengi. Msitu ule haukuanza na kaburi. Ulianza na mkusanyiko ambamo hakuna mtu aliyeweza kunyoosha mkono akasema, "Baba, hili si sawa." Najua ninyi si watu wa namna hiyo, na kulinganisha kwenyewe kunawaumiza. Ndiyo maana nawaomba mpende kuulizwa, ili hata wale wasiofanana nanyi wakose mahali pa kujificha kati yenu.

Vijana na wanawake nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mnalijua. Kwenye viti vya kanisa tumewazidi sana wanaume, kwenye meza ya maamuzi tunaleta chai. Vijana mnawaita kanisa la kesho, nao wana miaka 30, wana watoto, wana ujuzi wa kompyuta ambao ungewafungia vitabu vya hesabu kwa wiki moja. Rehoboamu alipuuza ushauri wa wazee akapoteza makabila kumi. Lakini ushauri alioupuuza ulikuwa nini? Awe mtumishi wa watu wale, awajibu kwa maneno mazuri. Ule ulikuwa ushauri mwema, na wazee wa kanisa wanaopenda kisa hicho kwa sababu ya wazee wakumbuke pia wazee wale walishauri nini.

Na fedha za wanasiasa. Mgeni rasmi anakuja kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya, anapewa kipaza sauti mbele ya madhabahu, anatoa bahasha, tunashangilia, na mwaka wa uchaguzi tunajua bahasha ile ilinunua nini. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango uliotolewa na Rais wa Kenya kwenye parokia moja, na kuelekeza urudishwe. Kanisa la parokia hiyo halikuanguka kwa kukosa fedha zile. Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda miaka 12, hakula hata mkate wa liwali aliostahili kisheria, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Alikataa kilicho halali yake. Nasi tunashindwa kukataa kisicho halali yetu?

Nawaheshimu. Wapo kati yenu wachungaji ambao nguo zao za ibada zimechakaa, wanaogawana unga wao na waumini, ambao hakuna kamera iliyowahi kuwafuata. Barua hii inawatetea hao. Wao ndio wanaobeba lawama za wengine kila mtu anaposema mtaani kwamba makanisa yamekuwa biashara.

Ninachoomba kinawezekana kabla mwaka haujaisha. Namba ya simu ya sadaka iwe kwa jina la kanisa, na fedha zake zisitolewe bila sahihi za watu zaidi ya mmoja ambao si wa ukoo mmoja. Hesabu za kila robo mwaka zibandikwe ukutani, fungu kwa fungu, na "matumizi mengineyo" yaandikwe majina yake. Mwinjilisti na mlinzi walipwe kwanza, kabla ya kapeti, kabla ya vipaza sauti, kabla ya gari. Maiti asidaiwe. Kwenye kamati ya fedha wawemo wanawake na vijana waliochaguliwa na waumini wenyewe, na anayemaliza muda wake akabidhi vitabu, apumzike. Halafu tuhubirieni juu ya suruali za binti zetu mkitaka, tutawasikiliza kwa adabu.

Waumini wengi niliozungumza nao kabla ya kuandika walisema niache, kwamba nitaitwa ofisini na kuambiwa niombe msamaha. Kwa hiyo ombi langu la mwisho ni hili: majibu yenu, yawe ya kukubali au ya kukataa, yatoleeni kanisani siku ya Jumapili, kwa sauti, wakati wa matangazo, pale ambapo kila aliyetoa sadaka atayasikia.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Ngamiani, Tanga